Amefika

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada gumu, mgongo wake umeshikiliwa na selotepu iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Msiba unapotokea katika kitongoji chetu hapa Usagara, katibu wa kikundi cha kuzikana hulitoa kabatini akaliweka juu ya meza ndogo pembeni mwa turubai, na kalamu ya bluu imefungwa uzi kwenye mguu wa meza isipotee. Kila anayeingia hupita hapo. Jina lake huandikwa, na katika safu ya pili huandikwa alichokuja nacho. Mwezi uliopita nilikesha karibu na meza hiyo, na kwa kuwa usingizi ulinikataa, nikawa nafunua kurasa. Unga kilo mbili. Kuni mzigo mmoja. Shilingi 1,000. Maji ndoo mbili. Michembe. "Kachimba," yaani alishika sululu kaburini. Halafu, katikati ya ukurasa, mbele ya jina la mama mmoja mzee ninayemfahamu, palikuwa na neno moja tu: "Amefika."

Nilimuuliza katibu, kijana wa miaka kama thelathini ambaye mchana huuza vocha na soda pale njia panda, kwa nini hakuiacha nafasi ile wazi. "Nafasi ikiwa wazi, kaka, maana yake hakuleta kitu," alisema. "Na yeye kaleta. Katoka kule nyuma ya mlima kwa magoti yale, jua la saa nane. Sasa hiyo unaiandikaje?" Akarudi kwenye hesabu zake.

Tangu siku ile neno hilo halijaniacha. Nimeingia ofisi nyingi katika maisha yangu, nimejaza fomu za kila rangi, na sikumbuki hata moja iliyokuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu amefika. Fomu huuliza namba, tarehe, kiasi. Panahitajika mahali padogo sana, penye watu wanaojua magoti ya nani yanauma na njia ya nyuma ya mlima ina urefu gani, ili kufika kwa mtu kuhesabiwe kuwa ni mchango. Ndiyo maana nataka kuzungumzia udogo: udogo wa kijiji, ambao tumezoea kuusema kwa kuuonea haya, kana kwamba ni ugonjwa ambao mahali hupona pakikua.

Kwa asiyepajua, Usagara hii si ile ya Wasagara, upande wa Kilosa na Mpwapwa, ambako Carl Peters alipita mwishoni mwa 1884 akiwatia wazee katika mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Hii ni kata ya wilaya ya Misungwi, takriban kilomita 20 kusini mwa jiji la Mwanza. Msafiri wa basi huijua kama njia panda: ukinyoosha unakwenda Shinyanga, ukikata kulia unakwenda Kigongo, na ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria ziko Busisi, Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi ng'ambo ilikuwa ni habari ya kivuko. Watu walilala foleni, wagonjwa walisubiri, samaki waliharibika kwenye barafu inayoyeyuka. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu za zege juu ya maji, likiwa na jina la John Pombe Magufuli, na safari iliyokuwa ikila saa kadhaa imekuwa ya dakika chache. Nililivuka kwa miguu wiki ile. Wapo wazee waliolia juu ya daraja lile, nami sikuwashangaa.

Lakini barabara haileti magari peke yake. Nyuma ya nyumba zetu, kwenye luseni, udongo wa kichanga uliokuwa wa mihogo na viazi, sasa kuna vigingi vyenye rangi nyekundu. Viwanja vinauzwa. Jiji linatujia likitokea Buhongwa, taratibu, nyumba baada ya nyumba, na minyaa iliyokuwa uzio wa kaya inang'olewa kupisha ukuta wa tofali. Mimi si adui wa tofali. Ila najiuliza, mahali padogo panapomezwa na mahali pakubwa, kinachomezwa hasa ni nini?

Swali hili limenipeleka mbali kidogo, hadi kaskazini mwa Ufaransa. Nchi ile imegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo za utawala zipatazo 35,000, na zaidi ya nusu yake zina wakazi wasiofika 500. Sheria iliyoziweka ni ya Desemba 1789, miezi michache baada ya mapinduzi yao. Kijiji cha watu 80 kule kina meya wake na baraza lake, kama ilivyo kwa mji wa Lille wenye mamia ya maelfu ya watu. Wapo wataalamu ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakisema kwamba ni upotevu, kwamba vijiji hivyo viunganishwe, na baadhi vimeunganishwa kweli. Vingi vimegoma. Sababu moja naielewa kwa urahisi kabisa. Tangu Septemba 1792 kitabu cha kuzaliwa, kufunga ndoa na kufa kilitolewa mikononi mwa mapadri kikakabidhiwa ofisi ya meya. Aliyezaliwa kijijini ameandikwa kijijini. Babu yake na babu wa babu yake wamo katika vitabu vya chumba kile kile, labda kwa mwandiko wa katibu ambaye naye alikuwa jirani.

Na ukisimama katika uwanja wa karibu kila kijiji cha kule kaskazini, utakuta jiwe. Juu ya jiwe kuna majina ya vijana waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza askari wapatao milioni 1.4, idadi ambayo akili haiwezi kuishika. Ila jiwe la kijiji halisemi milioni. Linasema majina tisa, au kumi na saba, na mara nyingine jina moja la ukoo limejirudia mara tatu, ukajua bila kuambiwa kwamba kulikuwa na mama mmoja nyumbani. Kule karibu na Verdun kuna vijiji sita vilivyosagwa na mizinga hadi visijengwe tena, Fleury-devant-Douaumont kikiwa kimojawapo. Hakuna anayeishi humo. Hata hivyo kila kimoja kina meya hadi leo, anayeteuliwa kwa sababu hakuna mpiga kura. Kazi yake kubwa ni kulinda jina. Kuna watakaoona ni mzaha wa watu wenye nafasi. Mimi naona taifa lililokubali kwamba mahali padogo pana haki ya kutofutwa.

Lakini kijiji kilichonigusa zaidi ni Noyelles-sur-Mer, karibu na mahali mto Somme unapoingia baharini. Ni kijiji cha watu mia kadhaa tu, mashamba na malisho. Katika kitongoji chake cha Nolette kuna makaburi zaidi ya 800 ya Wachina. Hao walikuwa vibarua. Waingereza waliwachukua kutoka China, karibu 95,000, kuanzia 1917, kwenda kuchimba mahandaki, kupakua meli na kubeba mizigo nyuma ya mstari wa vita. Wengi walikufa kwa maradhi, mbali na kwao kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Kwenye mawe ya pale Nolette kuna majina ya marehemu kwa maandishi ya Kichina. Wachukuzi wa mizigo, watu wasiokuwa askari wala maofisa, wamelala chini ya majina yao.

Sasa tugeuze macho nyumbani. Vita ile ile ilifika hapa. Mwanza ulikuwa mji wa Wajerumani, Waingereza wakauteka Julai 1916. Na vita katika nchi yetu, isiyo na barabara wala wanyama wa kuvuta mizigo wanaostahimili mbung'o, ilipiganwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wamesifika kwa kazi hiyo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Safari hii hawakuulizwa kama wanataka. Walikufa kwa kuhara, kwa njaa, kwa nimonia, makumi kwa makumi ya maelfu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya wakubwa wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika hawezi kuthamini kaburi lenye jina. Wapagazi wale wakaachiwa jina la soko: Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali ilipokuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi. Kila siku maelfu hununua mchele na vitenge juu ya kumbukumbu hiyo. Ni wangapi kati yetu huwaza?

Nilipoisoma habari ile, nilifikiria daftari letu la selotepu. Nikawaza ingekuwaje kama wale waliodai kwamba watu wetu hawajui thamani ya jina wangeketi usiku mmoja msibani hapa Usagara. Msukuma akikusalimia, akishasikia "mhola", yaani salama, anataka kujua wewe ni ng'wana nani, mtoto wa nani. Jina la mtu hapa si pambo. Mabula na Kabula walizaliwa mvua ikinyesha. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni aliyewafuata. Unapolisema jina, unasimulia siku ambayo ukoo wote ulikuwepo. Inawezekanaje watu wa namna hiyo wasijali kuandikwa?

Sitaki kueleweka kwamba sisi tumeonewa na wageni peke yao. Sisi wenyewe tumefuta vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Huku Usukumani watu walikuwa wameishi kaya kaya, kila mji katikati ya mashamba yake, uzio wa minyaa, zizi la ng'ombe, makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Zamani eneo la kaya hizo liliitwa gunguli, likiwa na ng'wanangwa, yaani mkuu wake, na vijana wakiwa na nsumba ntale wao wa kuongoza kazi za pamoja. Mama yangu mdogo alikuwa msichana lori lilipokuja. Anakumbuka bati zikipakiwa. Anakumbuka kwamba bibi alirudi mara mbili kuchukua kitu alichokisahau, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. "Alikuwa hajasahau kitu, mwanangu," aliniambia. "Alikuwa anawaaga." Mahali pale leo ni matongo. Ukipita utaona mstari wa minyaa mikubwa kupita kiasi, imezunguka nafasi isiyo na nyumba.

Nami nimesoma katika shule iliyojengwa kwa sababu ya operesheni ile ya kuhamia vijijini. Nimechanjwa katika zahanati yake. Siwezi kuila nyama nikautukana mfupa. Naweza tu kusema kwamba waliopanga waliona kijiji kuwa ni nyumba zilizosogezwa pamoja, kumbe nyumba zikisogea si lazima watu wasogee. Ilichukua miaka majirani wapya kuanza kuzikana kwa moyo. Kikundi cha daftari hili, kwa maelezo ya wazee, kilianza pale familia moja ilipozika mtu ikiwa na waombolezaji wasiozidi sita, katikati ya nyumba zaidi ya 100.

Sheria yetu, kwa bahati nzuri, ilikuja kukipa kijiji heshima kubwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ilikipa halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, na juu ya halmashauri hiyo ikaweka mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Tafakari hilo. Meya wa kijiji cha Ufaransa huchaguliwa na madiwani wake, na raia wa kawaida hurudi nyumbani hadi uchaguzi mwingine. Kwetu, kwa mujibu wa sheria, bibi wa magoti mabovu na tajiri wa mashine ya kusaga ni wajumbe sawasawa wa chombo kikubwa kabisa cha kijiji, wana haki ya kusomewa mapato na matumizi, na tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji haigawanywi bila mkutano huo kuridhia. Katika Tanzania yenye vijiji zaidi ya 12,000, sijui chombo kingine ambacho mtu huwa mjumbe wake kwa kuwa anaishi tu.

Na tunakitendeaje? Nimehudhuria mikutano mikuu chini ya mwembe ambapo waliofika hawakutosha kujaza mabenchi manne ya shule. Mtendaji alisoma mapato na matumizi haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua, na hakuna aliyemwambia arudie. Tarehe 27 Novemba 2024 nchi ilichagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Watu walikuwa wamejiandikisha Oktoba, kitongoji kwa kitongoji, mbele ya karani anayewafahamu. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya siku kufika, malalamiko yakawa mengi, na chama kimoja kikachukua takriban viti vyote. Ninachowaza hapa ni kitu kilicho chini kuliko vyama. Mwenyekiti wa kitongoji ni jirani. Anateka maji kisima kimoja na wewe. Akipata kiti bila kushindana na mtu, bila kuulizwa swali hata moja uwanjani, atamjibu nani? Udogo wa mahali una faida moja kuu, kwamba mkubwa wake hana pa kujificha. Ukiiondoa hiyo, anabaki kiongozi mdogo tu.

Ningekuwa mwongo kama ningeishia kuusifu udogo. Hapa kwetu kujuana kumeua. Katika Usukuma, kwa miongo mingi, mama wazee wamekatwa mapanga usiku wakiitwa wachawi, na moja ya alama walizosomewa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi: miaka hamsini ya kupika ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, wakiwalisha hao hao waliokuja kuwanyoshea kidole. Wauaji wa kukodiwa walitoka mbali, lakini jina alilitoa jirani. Alilijua jina. Alijua mlango unafungwa na kipande gani cha mti. Hata dagashida, mkutano wa kimila wa kusuluhisha jamii, na sungusungu waliozaliwa Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliwahi kumfukuza kijijini mtu ambaye kosa lake halikuthibitika popote isipokuwa midomoni. Mji mkubwa hukusahau, na kuna watu waliokimbilia Mwanza mjini wakiomba hicho tu, kusahauliwa. Nani atawalaumu?

Mama yule wa "amefika" naye ana macho mekundu. Nililiona hilo usiku ule taa ya sola ilipommulika akiwa ameketi mkekani, amenyoosha miguu, mkono wake juu ya goti. Na nikaelewa jambo ambalo daftari halikunieleza. Ujuzi ule ule, wa kujua jicho la mtu na mwendo wake na nyumba anayotoka, ndio unaoweza kumtoa mtu kwa wauaji na ndio unaoweza kumwandika kwenye mstari wa waliochangia. Hakuna sheria iliyomlazimisha kijana yule achague lipi. Alichagua akiwa peke yake na kalamu, kwa sekunde kadhaa, foleni ikiwa inasubiri. Tabia ya mahali hutengenezwa pale, na aghalabu hakuna anayeona ikitengenezwa.

Kwa hiyo jiji linapotujia, wasiwasi wangu hauko kwenye nyasi za mapaa wala kwenye ngoma za Bagika na Bagalu. Ngoma zina makumbusho ya Bujora ya kuzitunza, na zitapigwa. Wasiwasi wangu uko kwenye kurasa za mwisho za daftari. Kadiri unavyosogea mbele, majina yanaanza kubadilika. Katika misiba ya miaka ya nyuma kila mstari una jina la mtu na la baba yake. Katika ile ya karibuni utasoma: "Mama wa geti jeusi, 5,000." "Mwalimu mpangaji, 2,000." "Nyumba ya bati la bluu, sukari kilo 5." Michango imekuwa mikubwa kuliko zamani, na watu hawajulikani. Baadhi hutuma pesa kwa simu, ujumbe unaingia, katibu anauandika, basi. Siwalaumu. Wanatoka alfajiri kwenda kazini mjini na wanarudi giza limeingia. Watoto wao wanasoma Nyegezi na Buhongwa. Hata wakitaka kufahamika, watafahamika saa ngapi? Na sisi wenyeji, ni wangapi tumeligonga geti jeusi kumuuliza mama yule anaitwa nani, kabla ya kumhitaji?

Siku moja mahali hapa huenda patatangazwa kuwa mji. Hapo kijiji kisheria hufikia mwisho wake: halmashauri ya kijiji huondoka, ardhi hutoka mikononi mwa mkutano mkuu, na badala yake huja mtaa, mpango miji na hati. Kuna mema mengi katika hayo, maji ya bomba yakiwamo. Lakini haki ya kuwa mjumbe wa mkutano wenye kauli ya mwisho juu ya ardhi, kwa kuishi tu, haitavuka pamoja nasi. Wafaransa wa vijiji vile vidogo wamepigana miaka kwa ajili ya ofisi yenye chumba kimoja na kitabu cha majina. Sisi tutakiacha kijiji chetu bila hata kukaa kikao cha kukiaga?

Usiku ule, yapata saa tatu, kijana mmoja aliingia na dumu la maji la lita 20 begani. Shati lake lilikuwa la kazi, lina vumbi la saruji. Akalitua, akataka kuondoka bila kupita mezani. Katibu akamwita.

"Kaka, njoo uandikwe."

"Aa, maji tu hayo. Andika jirani."

"Majirani wako wengi hapa. Jina."

Kijana akacheka kidogo, akalitaja jina lake. Katibu akauliza la baba, kisha akauliza anaishi wapi. Kumbe ndiye fundi anayelala ndani ya jengo lisiloisha kule kwenye vigingi vyekundu, mlinzi na fundi kwa pamoja, ametokea Kigoma. Jina la baba yake lilikuwa geni masikioni mwa katibu. Akamwomba alirudie. Akaliandika, akaligeuza daftari upande wa kijana aone kama herufi ziko sawa. Kijana akainama chini ya taa, akalisoma kwa kidole, akasema hapo katikati kuna "h". Katibu akalifuta jina kwa mstari mmoja, akaandika upya juu yake, herufi moja moja, huku yule mama mzee akiwa amejisogeza kwenye mkeka kumpa nafasi ya kukaa.